Kitabu ni cha nani?

Swali tunalopenda kuliweka mbele ya wasomaji wa kijitabu hiki ni hili: mtu wa kwetu akiandika kitabu, na sisi wengine tukakipiga fotokopi tangu jalada la mbele mpaka jalada la nyuma, je, tumefanya neno jema ama tumeiba? Kuna watakaosema ni swali la watu walioshiba. Mtu anayetafuta unga wa bukari hana nafasi ya kufikiri habari za haki ya mwandishi. Lakini hapa Musonoi swali hilo linaingia darasani kila mwezi wa tisa, shule zinapofunguliwa, na limekwisha kugombanisha walimu na wazazi, wazazi na wauza vitabu, hata wauza vitabu wao kwa wao. Ni neno la mila vilevile, kama tutakavyoona, ijapokuwa wazee wetu hawakujua mashine ya fotokopi.

Tuanze na mahali vitabu vinapouzwa. Kolwezi ni mji mkubwa, na tangu 2015 ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba. Mtu akitaka bia, simu, pikipiki ama mashine ya kuvuta maji, hatembei sana. Akitaka riwaya, atatembea. Biblia na vitabu vya sala vinapatikana kwenye maparokia na makanisa. Vitabu vya shule, vile vya lazima, viko kwa wauza kaye na kalamu. Vingine vyote, yaani hadithi, historia, mashairi, kamusi za zamani, viko chini, juu ya bashi, kando ya soko, katikati ya mama anayeuza samaki wakavu na kijana anayeuza chaja za simu. Watu wa Kinshasa wamekwisha kulipa duka la namna hiyo jina: librairie par terre. Muuzaji wake hana bwana juu yake. Ananunua kwa feza yake mwenyewe, anapakia mizigo kwenye bisi kutoka Lubumbashi, njia ya karibu kilometa 300, na mvua ikinyesha hasara ni yake. Tunampa heshima mtu huyu, na tunasema hivyo tangu mwanzo kusudi msomaji ajue tunasimama upande gani.

Juu ya bashi hiyo kuna nini? Kuna vijitabu vya maswali ya Exetat, na kwa kweli hivyo njo vinavyomlisha. Kuna Zamenga Batukezanga, aliyekufa 2000. Hakuwa mtu wa Katanga, alikuwa mtu wa Kongo ya Chini, lakini ni vigumu kumtaja mwandishi wa inchi hii aliyesomwa na watu wadogo kumpita. Carte postale, kitabu chake cha 1974, ni chembamba, Kifaransa chake ni chepesi, na bei yake ilikuwa ya mtu wa kazi. Mara moja moja, ukiwa na bahati, kuna Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, wakati ule ikiitwa Jadotville, 1941, aliyefariki Marekani 2025. Kuna namba za zamani za Mwana Shaba, gazeti la kampuni lililoanza 1957, ambalo baba zetu walilisoma kambini. Na kuna vitabu vyenye jina la mtu.

Hapo tusimame kidogo. Ukifungua ukurasa wa kwanza wa vitabu hivyo, unakuta jina limeandikwa kwa biki, pengine na darasa na mwaka: 4e Littéraire, 1988. Mwenye jina yuko wapi? Wengine waliuzisha kwa sababu ya njaa, mishahara ilipokwama. Wengine waliondoka. Tunajua sote, ijapokuwa hatupendi kusema, kwamba 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga, Kolwezi ikiwamo, na kwamba walilala siku nyingi kwenye stesheni wakingoja gari moshi. Mtu anayengoja gari moshi pamoja na watoto wake habebi vitabu. Anauzisha kwa bei yoyote, ama anaviacha ndani ya nyumba. Vitabu hivyo havikuchomwa. Vilizunguka, na vinazunguka mpaka leo. Muuzaji mmoja tunayemfahamu, mzee wa miaka mingi katika kazi hiyo, hafuti jina hata moja. Wenzake wanakwangua kwa wembe ili kitabu kionekane kipya. Tulimuuliza kwa nini yeye hafanyi hivyo. Akajibu: “Prof, ile jina njo mwenyeji wa kitabu. Miye niko nauzisha paka makaratasi.”

Tumelifikiri sana jibu hilo. Mzee yule hakusoma sheria, lakini sheria inasema karibu vilevile. Ile ya tarehe 5 Aprili 1986, namba 86-033, inayolinda haki za waandishi katika inchi yetu, inatambua kwamba katika kitabu kuna kitu ambacho mnunuzi hakipati hata akilipa bei yote. Amenunua makaratasi. Maneno yamebaki na mwenyewe.

Na mila zetu zinasema nini? Vijana wanapenda kutuambia kwamba kwa wahenga maneno yalikuwa ya wote, hakuna aliyelipa ili asikilize. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Hadithi za jioni kando ya moto, zile za sungura na chui, hazikuwa na mwenyewe. Mtu alizisikia kwa nyanya yake, akazichukua, akatia chumvi yake, akazipeleka kijiji kingine alipooa. Lakini kulikuwa na maarifa ya namna nyingine. Kwa Baluba, chama cha Mbudye kilichunga historia ya ufalme, na watu wake walitumia lukasa, ubao wa kushika mkononi wenye shanga na michoro, ambao mtu aliusoma kwa kupitisha kidole. Macho peke yake hayakutosha. Aliyeingia chama alifundishwa hatua kwa hatua, na hatua zilikuwa na malipo yake. Mwimba kasala naye, anayetaja ukoo wa mtu mbele ya mkutano, harudi nyumbani mikono mitupu. Anapewa kuku, kitambaa, feza. Aliyeimbiwa ukoo wake akakaa tu, mikono mifukoni, amejiaibisha mwenyewe na ukoo mzima.

Basi mila inajua neno la bure na inajua neno la kulipiwa. Ubishi wetu ni kujua kitabu cha mtu wa kwetu kiingie upande gani.

Katika eneo letu la shaba, kuchukua maneno ya watu kulianza zamani, mbele ya fotokopi. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliishi miaka mingi kati ya Baluba wa upande wa Kamina. 1945 kitabu chake La philosophie bantoue kilichapishwa Élisabethville, kwa Éditions Lovania, na 1949 Présence Africaine ikakitoa tena Paris. Kikazunguka dunia. Baadaye padri huyo alikuja kukaa Kolwezi, na hapa, kati ya wafanyakazi wa Union Minière na wake zao, ikazaliwa Jamaa katika miaka ya 1950. Wazee wa makambi wanaikumbuka, wengine walikuwa baba na mama wa Jamaa. Hatumlaumu Tempels. Alikaa akawasikiliza watu wakati ambapo wazungu wengi waliwaamuru tu, na ni haki tuseme hivyo. Lakini fungua kitabu chake: anayesema humo ni “Muntu”, ni “Bantu”, ni “Baluba”, kana kwamba ni mdomo mmoja. Mzee fulani wa kijiji fulani, aliyekaa kwenye kiti chake akaeleza nguvu ya uzima ni nini, hatumuoni. Mawazo yake yalifika Paris, jina lake likabaki njiani.

Kuna mfano mwingine unaokwenda kinyume. 1965, miaka 5 tu baada ya uhuru, watu waliokuwa maboyi wa wazungu mjini Élisabethville walitoa kitabu chao wenyewe, Vocabulaire ya mji wao, kwa mkono wa André Yav. Kimeandikwa katika Kiswahili chetu hiki hiki, cha jikoni na cha njiani, bila kuomba ruhusa kwa sarufi ya Zanzibar. Kilipigwa taipu na kuzidishwa kwa mashine ya stensil, kama barua za parokia. Wanaeleza humo mji ulivyoanza na kazi ya boyi ilivyokuwa, kwa jicho la mtu aliyesimama nyuma ya mlango akishika sahani. Mtaalamu Johannes Fabian, aliyekuja Kolwezi 1966 kujifunza habari za Jamaa, alikitoa tena Amsterdam 1990 pamoja na tafsiri, na jina la André Yav liko juu ya jalada. Tangu 2001 maandishi yenyewe yako kwenye intaneti, bure. Mtoto wa Musonoi mwenye simu na megabaiti kidogo anaweza kusoma leo maneno ya maboyi wa zamani. Mwalimu akikipiga kitabu hicho fotokopi kwa darasa zima, ameiba nini? Sisi tunaona hajaiba kitu. Waliokiandika walizidisha nakala wenyewe ili kisikilizwe, na jina linasafiri pamoja na maneno.

Sasa tuje kwa ubishi wenyewe. Mwaka mmoja, katika darasa la sita, tulikuwa tunaeleza kwamba kuchukua kitabu kizima cha mwandishi aliye hai ni kula jasho lake. Kijana mmoja akasimama, mtoto wa creuseur, akasema: “Prof, bacreuseurs banaingia mu concession usiku, banatoka na mifuko. Polisi inasema ni bwizi. Ninyi bakubwa munasema hapana, udongo ni ya bankambo. Sasa kitabu ya muntu wa kwetu, inaongea juu ya bankambo yetu, juu ya nini isikuwe yetu?” Darasa lilipiga makofi. Mtu asifikiri watoto wetu hawawezi kufikiri.

Tulikaa na maneno hayo siku nyingi. Kijana ana haki pahali pawili. Ukipiga fotokopi, kitabu hakipunguki. Jiwe la shaba likitoka Musonoi limetoka, halirudi, linakwenda na malori mpaka bandarini. Kitabu kikipita kwenye mashine, nakala ya kwanza iko palepale mezani. Tena ni kweli kwamba mwandishi wa kwetu amechukua kwetu: majina, mizaha, vifo, nyimbo za matanga, maneno ya ulevi. Hakuyaumba yeye.

Lakini jiwe halikuandikwa na mtu. Lilikuwamo katika udongo kabla ya Union Minière, kabla ya Bayeke, kabla ya sisi sote. Ndiyo maana kujua ni la nani kunakuwa kugumu hivi, na vijana wanakufa mashimoni wakati wakubwa wanabishana. Kitabu kina mtu aliyekesha. Na kuna kitu kinachopunguka kweli, ambacho kijana yule hakukihesabu, nacho ni kitabu cha pili. Mgodi unachimba mpaka mwisho halafu unahama. Mwandishi ni kama shamba: ukimnyima mbegu msimu huu, msimu ujao unakuta majani.

Tutoe mfano wa hapahapa, bila kutaja jina, sababu mwenyewe hapendi. Mzee mmoja wa Musonoi, fundi wa umeme, alikuwa katika wale walioondoka Gécamines 2003 na 2004 kwa mpango ulioitwa départ volontaire, zaidi ya watu 10,000 kwa jumla. Feza ya kuondokea iliisha upesi, kama ya wengi. Alibaki na wakati. Akaanza kuandika katika kaye habari za kambi: nani alikaa nyumba gani, mpira ulichezwa wapi siku ya mshahara, katika vita ya 1978 watu wa safu yake walijificha wapi, miti gani ilikatwa na nani aliipanda. Mwanawe alimpigia taipu. Wakachapisha nakala 150 Lubumbashi, kurasa 64, na nakala 100 wakamkabidhi muuzaji wa bashi auze na akate sehemu yake. Bei, franka 6,000.

Kijitabu kilipendwa, na hapo njo mambo yaliharibika. Shule moja ya upande wetu ilinunua nakala moja, moja tu, ikaipeleka kwa kijana wa fotokopi. Kurasa mbili mbili kwa kila upande wa karatasi, ilitoka franka 3,200 kwa mtoto. Jalada halikupigwa, ili bei isipande. Kwa hiyo jina la mzee halikuonekana popote. Baada ya wiki mbili madarasa matatu yalikuwa na nakala zao, zimebanwa kwa agrafe, na watoto walikiita “silabusi ya Musonoi”. Muuzaji alingoja wanunuzi, halafu akarudisha nakala 71 nyumbani kwa mzee.

Mzee alifika shuleni. Tulikuwapo siku ile. Walimu wengine waliogopa kwamba ataleta mambo ya tribinali. Alikaa, akapokea chai, akasema kwa sauti ndogo: “Munasoma kitabu yangu, minafurahi. Lakini mujukuu wangu iko mu ile darasa. Alirudia ku nyumba na ile makaratasi, akaniuliza: Nkambo, nani aliandika hii?” Akamaliza chai, akaaga. Hakudai franka hata moja.

Mtu atatuambia: basi kama hakudai, deni liko wapi? Lakini deni la mzee huyu ni lile lile la mzee wa Tempels. Mtoto wa damu yake alishika mkononi habari za babu yake bila kujua ni za babu yake. Kaye ya pili, ya habari za mama zetu wa kambi, foyer sosyal, mashamba ya kando ya mto, ameiandika karibu nusu, iko katika sanduku. Tumemuomba mara nyingi aiendeleze. Anasema macho yamechoka. Huenda ni macho kweli.

Lakini tusiwe wakali bure. Mwalimu aliyefanya vile tunamfahamu, si mtu mbaya, na kijana wa fotokopi naye ana watoto. Shule ya msingi ni bure tangu 2019, katika sekondari mzazi analipa bado, na ukimdai franka 6,000 za kitabu juu ya minervali na uniforme, atakuuliza kama umekuja kufundisha ama kukusanya kodi. Darasa la watoto 55 likiwa na vitabu vitatu, mwalimu anayetaka wasome atafanya nini? Tena mazoea haya hayakuanzia sokoni. Katika chuo cha ualimu tulichosomea, wakufunzi waliuzisha silabusi, na mwanafunzi asiyenunua alijua matokeo yake mbele ya mtihani. Baadhi ya silabusi hizo, tuligundua baadaye, zilikuwa kurasa za vitabu vya watu wengine zilizopigwa taipu upya, na jina jipya juu. Mwanafunzi aliyelelewa hivyo, siku akiwa mwalimu, ataona ajabu gani kukata jalada?

Na waandishi wetu walio mbali? Fiston Mwanza Mujila alizaliwa Lubumbashi 1981 na anakaa Graz, katika Austria. Riwaya yake Tram 83, iliyotoka Paris 2014, inasema habari za mji wa migodi, wa baa, wachimbaji, wanafunzi na gari moshi, na mtu wa Kolwezi anautambua mji huo hata akifumba macho. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliandika Bana Shaba abandonnés par leur père, kilichotoka 2001 kwa L'Harmattan, Paris. Ni historia ya jamaa za wafanyakazi, yaani habari za baba zetu na namna kampuni ilivyokuwa baba wa baba zetu. Hata jina la kitabu limeanza na Kiswahili chetu. Lakini bei inahesabiwa kwa euro. Bana Shaba wenyewe, wale ambao kitabu kinawasema, hawawezi kukinunua.

Hapa tunatofautiana na ndugu wengine wa chama, nao wamekubali tuandike hivyo. Kitabu ambacho hakiuzwi popote karibu nasi, na ambacho bei yake haifikiki, tunaona mwalimu anaweza kukipiga fotokopi kwa ajili ya darasa, jalada likiwamo, jina likiwamo, bila kukosa usingizi. Mwandishi hapotezi mnunuzi, kwa sababu mnunuzi huyo hakuwapo. Lakini kitabu kilicho juu ya bashi pale sokoni, hatua mia mbili kutoka shule, cha mtu tunayesalimiana naye asubuhi, hapo hapana. Hapo tunachukua sahani mbele ya mtu anayekula, na tunamvunja pia muuzaji, ambaye kesho hatakubali tena kupokea kijitabu cha mtu wa Musonoi. Atapokea Exetat tu. Nani atamlaumu?

Mwenzetu mmoja anayefundisha Kifaransa anapinga. Anasema mizani yetu imepinda: tunamhurumia jirani kwa sababu tunaona viatu vyake vimetoboka, na tunamla wa mbali kwa sababu hatumuoni. “Haki haipimwe na kilometa,” anasema. Sheria iko upande wake, inawalinda wote wawili sawasawa. Tunalo la kumjibu, ijapokuwa si lote. Kwa jirani kuna mlango wa kugonga. Kwetu mtu anayepita kando ya shamba la mwingine akaona njaa, anaweza kuvunja hindi moja akala, lakini akimwona mwenye shamba amesimama pale, hapiti kimya. Anaomba. Kutoomba, mwenyewe akiwa anakutazama, ndiyo dharau. Mwenzetu akatucheka: siku hizi hata aliye Graz ama Paris unaweza kumuandikia kwa simu yako, basi naye amesimama shambani. Hilo bado linatusumbua.

Kitu kimoja tumekiona kwenye bashi, nacho hakihitaji falsafa: vitabu vya Zamenga havipigwi fotokopi. Kitabu chembamba cha zamani kinauzwa karibu bei ya fotokopi yake, basi nani atajisumbua? Kati ya kijitabu cha mzee wetu na makaratasi yake kulikuwa na franka 2,800. Kwa hiyo franka 2,800 jina lake lilifutika. Kama shule ingekwenda kwake kuomba punguzo la nakala 60 kwa pamoja, tunaamini angekubali 3,500, na kwa furaha. Hakuna aliyekwenda. Watu wa Kolwezi tumezoea kugombea bei ya kila kitu, nyanya, cobalt, mahari, lakini mbele ya kitabu tunaona haya kuomba na hatuoni haya kuchukua.

Kwa nini tunashikilia neno hili namna hii? Ni kwa ajili ya pahali tunapokaa. Kolwezi ni mji unaokula nyumba zake. Katika miaka ya karibuni, hata katika Cité Gécamines, watu wameacha nyumba na nyumba zimebomolewa kwa sababu chini yake kuna madini. Kwetu baruti ikilipuka, sahani zinatetemeka kwenye rafu, na kila jamaa imekwisha kujiuliza siku yake itakuwa lini. Nyumba ikianguka, njia inapoteza jina, na majirani wanatawanyika, mmoja Likasi, mmoja Lubumbashi, mmoja Zambia. Kijitabu cha kurasa 64 ni mojawapo ya pahali pachache ambapo majina ya watu wa safu zile yamekaa pamoja. Tunataka viwe vijitabu kumi vya namna hiyo, vya Musonoi, vya Ruwe, vya Luilu. Havitaandikwa na mtu wa Paris.

Mwaka huu wa shule tumejaribu mpango na yule muuzaji mzee asiyefuta majina. Amezichukua tena zile nakala 71. Darasa linakodi nakala 15, watoto wanasoma wanne wanne, kila mtoto franka 200 kwa wiki, na feza inagawanywa nusu kwa muuzaji na nusu kwa mwandishi. Siku ya kwanza tuliandika ubaoni jina la mzee, kwa herufi kubwa, na watoto waliliandika katika kaye zao mbele ya jina la kitabu. Mjukuu wake hakusema kitu, alitazama chini akicheka. Watoto 13 wamekwisha kununua nakala zao moja kwa moja, hatukuwaambia wanunue. Mara mbili mzee amekuja mwenyewe kupokea sehemu yake, mara ya tatu alimtuma mtoto. Kaye ya pili iko bado katika sanduku.